Matuta ya Uwanjani: Kwa Skola Anayekwenda Kufundisha Michezo

Skola mwanangu,

Salamu za kukuuliza hali siziandiki. Nimekuona mwenyewe sasa hivi ukitoka na mama yako kwenda kuaga kwa shangazi, umevaa sweta langu la kijani kana kwamba wewe huna lako. Kwa nje hujambo. Kwa ndani una jambo, na jambo lenyewe nalijua, ndiyo maana nimekaa hapa barazani na kalamu, mimi ambaye mara ya mwisho kuandika barua ndefu nilikuwa namposa mama yako.

Mambo ya safari sigusi. Mama yako ameshafunga mablanketi, unga wa ulezi na maharage ya kukutosha wewe na majirani zako wote, na kama hajakwambia mara ya kumi uvae soksi usiku, atakwambia kesho mkiwa kituoni. Nikiingilia hapo nitafukuzwa. Mimi nina neno langu moja, na nimeona kulisema kwa mdomo litanishinda.

Jana jioni simu ilipolia tulikuwa tunapukuchua mahindi. Mwalimu mkuu wa shule yako mpya, huko mbele ya Namanyere, alikuwa anakukaribisha, na sisi tukakusikia ukimjibu, "Ndiyo mwalimu. Asante mwalimu. Haya, sawa." Hiyo "sawa" ya mwisho ilitoka ndogo. Ulipokata simu ukasema hisabati wana mwalimu tayari, wewe umepangiwa michezo ya madarasa ya chini. Mama yako akakupa hongera, ukaitika, ukaendelea kupukuchua. Baadaye nikiwa nyuma ya ghala nikakusikia ukimwambia, "Mama, nimesoma miaka yote hii ili nikacheze na watoto? Si wataniita mwalimu wa kuruka kamba!"

Skola, nilisimama pale nyuma ya ghala na debe mkononi. Maneno hayo yalikuwa yangu. Niliyasema mimi kwenye mkutano wa shule, mbele ya wazazi wote, ulipokuwa darasa la nne. Kijiji kizima kinakumbuka yaliyofuata na hadi leo wananitania nayo. Wewe unayakumbuka kama mtoto anavyokumbuka, kwa kutazama kutoka chini. Nataka uyaone kutoka nilikokuwa nimesimama mimi.

Ujue kwanza kwamba mimi sikucheza. Nilikuwa mtoto wa kwanza nyumbani, na baba yangu alinikabidhi jembe mapema sana. Wenzangu wakicheza gololi njiani mimi nilikuwa nafukia nyasi kwenye matuta, na nikipita karibu yao nilikaza uso nionekane mtu mwenye kazi. Simlaumu marehemu, njaa alikuwa anaijua. Lakini mtoto akikaza uso kwa muda mrefu, hukaza na mengine. Nilikua nikiamini kwamba mtoto anayecheza anaiba muda wa mtu.

Basi wazazi wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya shule. Nikautazama ule uwanja wenu, tambarare, nyasi nzito, udongo mweusi, nikaona shamba lililolala bure. Kwenye mkutano nikasimama nikauliza, "Ndugu wazazi, hawa watoto tumewapeleka kusoma au kucheza? Mpira unaliwa? Mimi nasema tulime maharage, watoto wale shuleni." Wakanipigia makofi. Hata mwalimu mkuu alipiga, ingawa nakumbuka alipiga polepole. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha, tukaingia na majembe tukapiga matuta yetu ya Kifipa, yale ya mviringo, nyasi zinafukiwa ndani, udongo unapandishwa hadi kiunoni kwa mtoto. Tuliujaza uwanja wote, kutoka goli hadi goli. Nikarudi nyumbani mgongo unauma na roho imetulia.

Mama yako alikwenda kuangalia. Aliporudi nikamwuliza, "Umeonaje?"

"Nimeona makaburi," akasema, akaingia jikoni.

Nilicheka, maana nilidhani ananitania. Mama yako huwa ananitania akiwa hatanii.

Usichojua ni kwamba kila nilipopita shuleni baada ya hapo, saa ya mapumziko, nilikuwa nasikia kitu kibaya, nacho ni kimya. Watoto walikaa wameegemea ukuta. Watoto wetu upande huu wakinong'ona Kifipa, watoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukuma upande ule na lugha yao. Kabla ya hapo nilikuwa nawaona wamechanganyikana wanapiga kelele hadi unaziba masikio, na nilikuwa nachukia zile kelele. Sasa nikawa nazitafuta. Lakini mwenyekiti harudi nyuma. Nikajiambia maharage yakikomaa watachangamka.

Halafu ikaja ile jioni mezani. Uliacha kula, ukasema, "Baba, Minza haji tena shule."

Nilimfahamu Minza, binti wa mzee Maduhu mwenye ng'ombe wengi kule bondeni. Nikasema, "Labda anachunga."

"Hachungi. Anasema shuleni hakuna kitu."

"Hakuna kitu vipi? Kuna walimu, kuna vitabu."

"Darasani hasikii vizuri Kiswahili, Baba, na wakimcheka ananyamaza siku nzima. Kwenye mchezo wa rede alikuwa hanyamazi. Akikaa kati hakuna wa kumpiga na mpira, anajaza chupa mchanga mpaka juu. Kila mtu anamtaka awe wa upande wake."

Nikakujibu, "Rede siyo somo." Ukanitazama, ukanawa mikono, ukaenda kulala na ugali umebaki. Nilikasirika kwa ajili ya ule ugali. Sikukasirika kwa ajili ya Minza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo ninapoandika.

Sasa sikia siku yenyewe. Mtu alikuja shambani akihema, "Mwenyekiti, watoto wanakanyaga maharage!" Nikachukua fimbo. Nilitembea ile njia nikiwa nimeshapanga nani nitamcharaza kwanza, na jina lako lilikuwa la kwanza ili watu wasiseme napendelea. Nikafika uwanjani. Watoto siwaoni. Nikaona katikati ya matuta, mahali mlipopatengeneza padogo kama sinia, kuna kopo la mafuta ya kula limesimama. Na wewe uko kwenye mlingoti wa bendera, umeufunika uso kwa mikono, unahesabu kwa sauti.

Nikasogea hadi kwenye kopo. Kutoka pale ndipo nikaanza kuwaona. Nyuma ya kila tuta, watoto wawili wamechuchumaa. Wawili, wawili. Mtoto wa mjumbe amekumbatiana na mtoto wa mfugaji, wamebanwa na kicheko, wamezibana midomo. Baadaye ndipo nilipoambiwa ile sheria uliyotunga wewe: hakuna kujificha peke yako, na hakuna kujificha na mtu wa kwenu. Umri wako ule, Skola! Kamati yangu ilikuwa na watu wazima wenye wajukuu, tukiwa tumekaa vikao vingapi kuzungumzia namna ya kuwapatanisha wakulima na wafugaji, na hakuna aliyewaza jambo kama hilo.

Mimi nimesimama na fimbo yangu karibu na kopo, na kumbe kwa aliyejificha mbali naonekana mlinzi. Ghafla tuta moja likatikisika, akachomoka binti mwembamba mguu peku, akapita ubavuni mwangu kama ndama aliyekata kamba, akalipiga kopo teke hadi likagonga ukuta wa darasa la pili. "Kombolelaaa!"

Alikuwa Minza. Ulikuwa umemfuata kwao Jumamosi, peke yako, bila ruhusa yangu, ukawapita mbwa wa mzee Maduhu, ukamwambia tu, "Njoo Jumatatu, kuna mahali pazuri pa kujificha."

Na watoto wote wakainuka, maana kopo likipigwa hivyo kila aliyejificha amekombolewa. Uwanja mzima, kutoka nyuma ya kila tuta, wakainuka kwa pamoja wakipiga mayowe. Nikakumbuka makaburi ya mama yako, na mimi ni Mkatoliki, nakiri kwamba nywele zilinisimama.

Fimbo ilikuwa bado mkononi. Walipoiona wakasogea nyuma. Wewe ukaja mbele, umekonda, magoti yana udongo, ukanitazama. Ulikuwa unaogopa, nililiona hilo, lakini hukurudi nyuma. Ukasema, "Baba, kopo limepigwa ukiwa umesimama hapo. Sasa unatafuta wewe. Ndiyo sheria."

Kuna mtoto akacheka nyuma. Mwingine akafuata. Na mimi, sijui ni nini kilinipata, nikauliza, "Natafutaje?"

"Funga macho. Hesabu hadi ishirini. Usichungulie."

Nikaiweka fimbo chini, nikaegemea ule mlingoti, nikahesabu. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheza, mwanangu, na nilikuwa na mvi. Nilipofika kumi na mbili nikachungulia kupitia vidole, na sauti yako ikatoka huko kwenye matuta, "Baba, umechungulia! Anza upya!" Nikaanza upya.

Minza alirudi shule. Maharage tuliyovuna yalijaa sufuria moja, na walioyapika wanasema hayakuiva vizuri. Baada ya mavuno nikaitisha mkutano nikaomba matuta yasawazishwe, uwanja urudi kuwa uwanja. Wazee walinicheka hadi machozi. "Mwenyekiti, si ulisema mpira hauliwi?" Nikawaambia nilikosea. Neno fupi, lakini lilinichukua muda kulitoa. Siku ya kusawazisha akaja mzee Maduhu na ng'ombe wake wanne wakikokota gogo, akaulaza udongo kutoka goli hadi goli. Alipomaliza akaniambia, "Mwenyekiti, binti yako alikuja kwangu peke yake. Mbwa wangu huwa wanauma. Siku ile walimtazama tu." Hajawahi kuniambia neno zaidi kuhusu siku ile, na tumekuwa marafiki tangu hapo.

Usidhani niligeuka malaika. Unakumbuka mwaka uliofuata nilivyoikamata michezo kwa mikono miwili? Nikapanga mbio za magunia. Nikachora mistari kwa chokaa, nikatunga sheria, nikatafuta zawadi ya jogoo, nikasimama na filimbi nikiwafokea watoto wa darasa la kwanza kwa sababu wameanza kuruka kabla sijapuliza. Mmoja alianguka akalia, nikamwambia atoke, anachelewesha. Ukaja ukaninong'oneza, "Baba, umeanza kulima tena." Nilinuna siku mbili. Lakini ulikuwa umesema kweli, nilikuwa nimepanga watoto kwenye mistari kama matuta nikingojea mavuno.

Ninayakumbuka hayo leo kwa sababu naogopa jambo moja tu. Sikuogopei baridi ya huko, wala upweke, wala mshahara kuchelewa. Naogopa utaingia kwenye ile shule umeinamisha kichwa. Utaichukua kazi ya michezo kama mtu anayevaa viatu vya kuazima, utasimama pembeni ya uwanja na simu mkononi, watoto watapiga mpira wenyewe, wakubwa watawasukuma wadogo, wenye nguvu watachagua wenye nguvu, na mtoto mmoja atabaki ukutani. Na wewe ndiye mtu mmoja ninayemjua duniani ambaye angemwona. Ukiinamisha kichwa hutamwona.

Jinsi ya kufundisha sikufundishi, umesomea. Nitakukumbusha tu mambo ambayo uliyajua kabla ya chuo, nisije nikasikia chuo kimeyafuta. Ulikuwa huwaachi manahodha wachague watu mmoja mmoja, maana wa mwisho huwa yule yule. Ulikuwa unaficha punje ya ulezi mkononi na kwenye mkono mwingine ya hindi, kila mtoto anagusa mkono mmoja, na upande wake unajulikana bila mtu kuonekana wa bure. Kwenye mdako, ule mchezo wa kurusha na kudaka vijiwe, ulimwekea mtoto mmoja mwenye mkono mfupi mawe makubwa kidogo, na hukumtangaza. Ukikaa kati kwenye rede ulikuwa unajiachia upigwe mara moja moja, na unalalamika kweli kweli, hadi aliyekupiga anatembea siku nzima kifua mbele. Mimi nilikuwa nayaona yote kutoka barazani, nikijifanya natengeneza mpini.

Na kuhusu hisabati, usiwe na wasiwasi, utaikuta huko. Nimewasikia watoto wa hapa wakiruka kamba wakihesabu kwa mbili mbili hadi mia bila kukosea, watoto ambao ubaoni hawapiti thelathini. Lakini usiwaambie kwamba ile ni hisabati. Wataacha kuruka.

Kitu kingine nilichojifunza kwa kuchelewa: usimnyime mtoto mchezo kwa kuwa amekosa. Mimi nilikuwa nikifanya hivyo nyumbani, na kaka yako anajua. Mtoto aliyekosa ndiye anayehitaji zaidi kukimbia na wenzake, apumue, arudi akiwa mtu. Nilipomfungia kaka yako ndani hakuwahi kutoka amejuta. Alitoka ameninunia, na mpaka leo simu zake kwangu ni fupi kuliko anazompigia mama yako.

Leo asubuhi nilikwenda dukani kununua kalamu hii. Mwenye duka akaniuliza, "Mzee, Skola amepangiwa kufundisha nini huko?" Nikasema, "Michezo." Akacheka. Nikamwacha amalize kucheka, nikalirudia lile neno kwa sauti, na watu waliokuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga wakageuka. Nikawaambia, "Binti yangu ni mwalimu wa michezo." Nimelisema kwa majivuno, mwanangu, na sijawahi kujivuna hivyo, hata siku niliyochaguliwa mwenyekiti. Ile siku nilijivunia kiti. Leo najivunia mtu.

Nimekatizwa hapa kidogo. Mpira wa soksi umeingia barazani, umeangusha kikombe changu cha chai na hiyo alama unayoiona kwenye karatasi ndiyo chai yenyewe. Wamekuja wawili, wajukuu wa jirani, wamesimama mlangoni wanasukumana nani aseme.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Tunaomba mpira wetu."

"Nani yuko kati?"

Wakatazamana. Mdogo akasema, "Hakuna. Dada Skola ndiye huwa anakaa kati. Babu, kesho akiondoka, nani atakaa kati?"

Nimefikiria mengi kuhusu kuondoka kwako, kitanda chako, kiti chako mezani, mama yako atakavyokuwa anapika ugali mwingi kwa mazoea. Hilo la nani atakaa kati sikulifikiria. Nikawatazama wale watoto, nikawaambia, "Mimi." Wakacheka hadi mdogo akakaa chini. Kisha mkubwa akaniangalia miguu, akaniuliza kwa huruma, "Babu, utaweza kukwepa?" Nikamwambia nitapigwa sana mwanzoni. Wamekwenda kutafuta chupa ya mchanga.

Basi nimalize, wananisubiri.

Minza atakupokea stendi Sumbawanga, amefunga duka lake la Majengo kwa ajili hiyo. Amenipigia simu, anasema amekuletea kamba ya ng'ombe ya baba yake, ndefu ya kurukia watoto kumi kwa pamoja, na kwamba kwenye shule yako mpya lazima kuna Minza wao. Anakusihi umtafute wiki ya kwanza. Neno hilo limetoka kwake, si kwangu, kwa hiyo lichukue kwa uzito.

Kesho mambo ya kuaga sitayaweza, nakwambia mapema. Mama yako atalia vizuri, shangazi yako atasali, mimi nitasimama karibu na nguzo ya umeme pale kituoni. Gari likianza kuondoka utaniona nimeegemea ile nguzo, nimefunika uso kwa mikono. Usiwaambie watu kwamba mzee analia. Nahesabu. Nenda ukajifiche mbali, mwanangu, mbali unavyotaka, na likizo ikifika hutakuwa na haja ya kupiga hodi. Nitaliweka kopo pale mlangoni. Njoo mbio ulipige teke, tuinuke wote.

Na ukigeuka dirishani ukaona nimechungulia kupitia vidole, safari hii usiniambie nianze upya. Nitakuwa namtazama mwalimu wa michezo akienda kazini.

Baba yako,
barazani, chai imemwagika